Plasta ya Adabu kwenye Mkono wa Mama Mkwe

Vijana, kabla hamjaendelea kusoma, hebu simameni. Inuka hapo ulipokaa bila kushika meza, bila kujisukuma kwa viganja, na bila kusema "ewe Mola wangu". Umeweza? Haya, kaa. Kama umeshindwa na hata miaka thelathini hujafika, usimwambie mtu, ila soma mpaka mwisho, maana habari hii inakuhusu wewe kuliko mimi.

Jina langu ni Athumani, lakini ukija Bagamoyo kumuulizia Athumani utaonyeshwa Athumani kumi na mimi sitakuwemo. Uliza Babu Plasta. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilifanya kazi kwenye chumba cha plasta cha hospitali moja ya huku kwetu. Mtu akivunjika, daktari anaunyoosha mfupa, mimi naufunga ubaki vile ulivyonyooshwa. Daktari anapewa asante, mimi napewa jasi, ule unga wa plasta, kwenye nyusi. Nilikuwa narudi nyumbani mweupe kiasi kwamba mke wangu, Mama Zuhura, alinikataza kukalia makochi mpaka nioge.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Polikarpo, Mluguru aliyelelewa misheni, mtu wa koti lililopigwa pasi na viatu vya kung'aa, ambaye sikuwahi kumwona akicheka saa za kazi. Nilimpa sababu nyingi za kucheka, alikataa zote. Wiki yangu ya kwanza nilimfunga mguu mama mmoja wa Vigwaza, nikafungia na pindo la kanga yake humo humo ndani ya plasta. Hatukujua mpaka aliposimama aondoke, kanga ikabaki mguuni na yeye akapiga yowe. Mzee Polikarpo alimstiri kwa shuka, akamwomba radhi kwa niaba ya hospitali, akaikata ile kanga kwa mkasi taratibu. Kisha akanigeukia.

"Athumani, tunafunga kilichovunjika tu."

Kanga ile niliilipa kwa mwezi mzima wa kufua bendeji.

Mambo aliyonifundisha ni mengi, nitawapa machache, hata kama nyinyi kazi yenu ni ya kubonyeza simu. Bendeji ya plasta huichovya kwenye maji vuguvugu na kusubiri mapovu yaishe. Maji yakiwa ya moto, itaganda ukiwa bado unatafuta inapoanzia. Ukishaizungusha, usiibonyeze kwa ncha za vidole, maana kila kidole kinaacha shimo, na shimo litamla mgonjwa ngozi kwa ndani. Tumia kiganja. Ukae nayo, uibane pale mfupa unapotaka kukimbilia, mpaka uisikie inapata joto na kukaza. Na pamba ya ndani isizidi. Siku nilipozidisha pamba, Mzee Polikarpo aliishika plasta ile akaitikisa, mkono wa mgonjwa ukacheza ndani. Akasema, "Hili ni godoro. Mlaze mtu mwingine." Nikaikata, nikaanza upya.

Likumbukeni hilo godoro, tutalirudia.

Sasa niwaambie ujinga wangu mkubwa kuliko wa kanga. Miaka mingi niliamini kwamba mtu mnene ana mifupa imara. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: mfupa unaobeba kilo mia moja na ishirini lazima ni mfupa wa maana, na akianguka ana nyama za kumpokea. Nilikuwa nikiwatania wagonjwa, "Wewe huvunjiki, wewe unadunda tu." Watu wanacheka, mimi nafurahi, na mwenyewe nilikuwa na kitambi cha kuwekea kikombe cha chai, kwa hiyo hesabu hiyo ilinifaa.

Mzee Polikarpo hakubishana nami. Aliniambia tu nianze kumuuliza kila mgonjwa swali moja: ulianguka kutoka wapi? Nikawa nauliza. Kijana mwembamba wa Miono aliyevunjika mkono alikuwa ameanguka kutoka juu ya mnazi. Mwanamume mnene wa mjini, umri ule ule, kifundo cha mguu kimevunjika vipande vitatu, alikuwa ameshuka ngazi mbili za duka akiwa na soda mkononi. Mwalimu mmoja mnene kutoka Ubena alivunjika bega kwa kuteleza kwenye mkeka, na mkeka ulikuwa mkavu. Nyonga zao mara nyingi zilisalimika, hapo nyama zinasaidia kweli. Lakini kifundo, kiwiko na bega havina mto, na uzito wote unakuja kushukia hapo. Nikaanza kupunguza utani, ingawa kitambi nilibaki nacho.

Haya, sasa tuingie kwa mama mkwe.

Mama mkwe wangu, Bi Mwanahawa, ni mtu wa Miono aliyehamia mjini zamani, na kwa kuwapamba mabibi harusi hana mpinzani. Singo yake, ule mchanganyiko wa manukato na maua wa kumsugua bibi harusi ngozi ikawa laini, watu waliufuata kutoka mbali. Lakini sifa yake kubwa ilikuwa kunenepesha. Zamani mwali aliwekwa ndani miezi, haoni jua, anakula na kulala. Siku hizi wasichana wana kazi, wanakaa wiki chache tu, kwa hiyo Bi Mwanahawa alifidia muda kwa sufuria. Asubuhi maandazi na uji wa sukari, mchana wali wa nazi, jioni chipsi, na katikati ya hayo yote soda, kwa sababu siku hizi mwali haheshimiwi kwa maji. Mapazia yamefungwa. Akikuta mfupa wa bega la mwali unaonekana, anauona kama tusi alilotukanwa yeye binafsi. Na mwenyewe alikula alichowapikia, kwa kuwaonyesha mfano. Kwa miaka arobaini alikuwa anawaonyesha mfano.

Mnaojua mila zetu mnajua kwamba mkwe ni mkwe. Dini hainikatazi kumpa mkono mama wa mke wangu, ni adabu tu ya kwetu. Sili naye sinia moja, sikai naye mkeka mmoja, wala simwangalii usoni. Nikienda kwake nilisimama uani na kusema, "Shikamoo mama," na yeye huko ndani nyuma ya pazia akajibu, "Marahaba baba, hamjambo huko?" Mimi nikasema hatujambo, nikaondoka. Tulikuwa tumeelewana hivyo miaka ishirini na sita, na naapa ilikuwa ndoa nzuri kuliko nyingi ninazozijua.

Binti yetu Zuhura alipoposwa, bibi yake alitangaza kwamba huyu atampamba kwa mkono wake mwenyewe, hakuna msaidizi atakayegusa. Siku ile ya kwanza ya kumweka ndani, bibi alikaa kwenye mbuzi anakuna nazi ya wali wa mjukuu. Alipoinuka, kanga ikanasa kwenye ule ulimi wa chuma wa mbuzi, akaenda mbele, akajishikia kwa kiganja cha kulia. Vijana, mbuzi ya nazi ina urefu gani kutoka chini? Kuku anaiparamia bila kukunjua bawa. Na kifundo cha mkono kikavunjika.

Nilikuwa kwenye zamu. Mlango ukafunguliwa, naona kiti cha magurudumu, naona buibui, nasikia sauti niliyozoea kuisikia kwao, nyuma ya pazia. Nikageuka nikatazama ukuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hakuna mwingine?"

Hakukuwa na mwingine. Mzee Polikarpo alishastaafu na kurudi kwao, msaidizi wangu alikuwa likizo. Daktari wetu wa mifupa, Daktari Neema, binti mdogo kwa umri na mkali kwa kazi, aliunyoosha mkono ule vizuri sana, akaniachia nifunge.

Nikafunga. Nisikilizeni nilivyofunga, msije mkarudia. Nilifunga nikiwa nimetazama dirishani. Nilimwomba mke wangu, aliyemleta, aushikilie mkono wa mama yake juu kwa kuushika vidoleni, nami nikauzungushia pamba, kisha pamba nyingine, kisha nyingine, ili viganja vyangu visiwe kama vinamgusa mama mkwe. Kuibana ile plasta mpaka ikaze? Nimbane mama wa mke wangu? Niliipapasa juu juu kama anayefuta vumbi kwenye redio. Mama mkwe alisema, "Asante baba, una adabu." Mimi nikavimba kichwa. Plasta ilikuwa nene, nyeupe, nzuri ya kupigia picha. Ilikuwa godoro.

Na niwaambie jambo ambalo halipo kwenye picha: kumfunga mtu mnene ni kazi ngumu kuliko zote. Mfupa wake uko mbali na mikono yako. Kati yako na huo mfupa kuna mafuta, na mafuta hayatulii. Unaifunga plasta siku mkono umevimba, uvimbe ukishuka plasta inabaki na nafasi, na mfupa unarudi zake ulikotaka kwenda. Mtu mwembamba anaweza kukusamehe plasta mbovu. Mnene hakusamehe.

Siku ya nane akarudi kupiga picha. Daktari Neema aliiinua eksirei kwenye mwanga, akanitazama, akaitazama tena. Akaishika plasta akaitikisa, kama Mzee Polikarpo, ingawa hawakuwahi kuonana.

"Mzee Athumani, hii pamba yote ya nini?"

Nikasema, "Daktari, huyu ni mkwe wangu."

"Kwa hiyo?"

Daktari Neema kwao ni bara kabisa, adabu yetu ya mkwe haijui. Akamgeukia mgonjwa. Akamwambia kwa upole kwamba mfupa umehama, na ukiganda ulivyo, hataweza kugeuza kiganja kikatazama juu. Atashika jiko, atashika ufagio, lakini kiganja hakitageuka.

Mama mkwe akaunyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, akageuza kiganja juu, akakitazama. Niliuona kwa pembe ya jicho, nikajua anachokiona. Kiganja kilichotazama juu ndicho anachotia singo kabla ya kumpaka mwali. Ndicho anachoinua akiomba dua.

"Zuhura je?" akauliza. Hakuniuliza mimi, aliuuliza mkono.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nimeharibu kazi nyingi maishani, lakini hii niliiharibu nikiwa naijua, kwa kuona haya. Nikasema, nikiwa bado nimetazama ukuta, "Mama, kosa ni langu. Niliogopa kukushika."

Daktari Neema akasema upo muda, mfupa bado mbichi, tuuvunje ulipoanza kuganda na kuunyoosha upya siku hiyo hiyo. Mama mkwe, ambaye hajawahi kumwogopa mtu, akaanza kumhoji huku sindano ya ganzi ikisubiriwa.

"Mwanangu daktari, mimi nina mwili. Kwa nini nimevunjika kama muhogo mkavu?"

"Mama, mfupa ukibeba uzito unaongezeka kweli, lakini unaongezeka wingi, si ubora. Ndani ya mfupa mafuta yanachukua nafasi. Ile vitamini tunayoipata juani, inayosaidia mfupa kushika chokaa yake, yaani kalsiamu, mafuta ya mwili yanaishika yenyewe, hayaiachii. Na wewe jua unaliona lini?"

"Sasa mimi na jua wapi na wapi? Kazi yangu ni chumbani."

"Unakula nini chenye chokaa? Maziwa? Dagaa? Mboga za majani?"

"Dagaa ni chakula cha…" Akasita, maana mke wangu alikuwa pale na nyumbani kwetu dagaa ni kila juma. "Soda nakunywa," akamalizia.

"Soda ndiyo imechukua kiti cha maziwa, mama. Na sukari yako ya damu tumeipima leo, iko juu. Mfupa wa mwenye sukari unavunjika upesi, na unaunga polepole."

"Basi nisile? Nifunge mpaka nikonde?"

"Hapana! Ukijikondesha ghafla kwa njaa unapungua na mfupa. Taratibu tu, na utembee. Mfupa usiotembezwa unajiona hauna kazi."

Mama mkwe akafikiri. Kisha kwa sauti ile ile ya nyuma ya pazia akasema, "Na huyu anayetazama ukuta, kitambi chake mmekipima?"

Daktari Neema akacheka mpaka akavua miwani. Nami nikaona kuta za chumba changu mwenyewe zimenigeuka.

Ganzi ikaingia. Daktari akavuta, nikausikia mfupa ukirudi. Ikawa zamu yangu. Nikachovya bendeji, mapovu yakaisha, nikaweka pamba kidogo, safu moja na nusu. Nikasogeza viganja karibu, vikasimama hewani.

"Baba Zuhura," mama mkwe akasema.

"Naam, mama."

"Nitazame."

Miaka ishirini na sita. Nikamtazama. Ana macho ya mke wangu, na hakuna aliyewahi kuniambia.

"Shika. Mila nitaiombea radhi mimi mwenyewe, mimi ndiye mkubwa. Wewe shika kama unashika mkono wa mtu."

Nikashika. Nilibana kwa viganja vyote viwili, nikauzamisha mkono wangu katika nyama yake mpaka nikaupata mfupa, nikaukalia hapo. Plasta ikapata joto, ikakaza, nami sikuachia. Jasho lilinitoka, na sioni aibu kusema machozi nayo yalikuwemo. Yeye aliusoma uradi wake kimya kimya mpaka nilipomaliza. Daktari Neema akaja kuitikisa, haikutikisika.

Wiki zilizofuata nyumba ile iligeuka. Kwa kuwa mkono mmoja umefungwa, kupika kukamshinda, na Zuhura ndiye akawa anampikia bibi yake badala ya bibi kumlisha yeye. Daktari alikuwa ameandika, Zuhura akafuata: dagaa wanaotafunwa na mifupa yao, mchicha, kisamvu, maziwa mtindi, wali wa kutosha kikombe. Soda ikatolewa mlangoni. Na kila asubuhi mjini watu waliona kituko, mwali aliyewekwa ndani anatembezwa nje juani, kajitanda kanga mbili, nyuma yake bibi, kungwi mzima, mkono wa plasta umetundikwa shingoni, wote wawili wanahema. Majirani wakaanza maneno. Bi Mwanahawa akawajibu kwamba mjukuu wake atazaa, na mtoto hachotewi chokaa dukani, anaichukua kwenye mifupa ya mama yake, kwa hiyo anamwekea akiba. Hilo alilipata kwa Daktari Neema, lakini siku hizi analisema kama kalibuni yeye.

Na mimi nilitembea. Kutoka kwangu mpaka Kaole na kurudi, alfajiri baada ya swala. Mara ya kwanza nilirudi kwa bodaboda, hilo msilisimulie.

Plasta niliikata mwenyewe baada ya wiki saba, maana kwa sababu ya sukari mfupa ulichelewa kuunga. Mkono ulitoka mwembamba, mkavu, mgumu kama mti. Kiganja kiligeuka nusu, kikagoma. Daktari akasema mkono unahitaji mazoezi, ashike kitambaa kilicholowa akikamue, akande unga, kila siku. Harusi, iliyoahirishwa kuusubiri mkono ule, ilikuwa imebaki wiki tatu. Kila nilipopita uani kwake kusema shikamoo, nilisikia nyuma ya pazia maji yakichuruzika kwenye beseni na mtu akihesabu.

Siku ya harusi wanaume hatuingii kule ndani, kwa hiyo sikuona. Nilikaa nje na wenzangu, pilau imeletwa, sikuweza kumeza. Nilichotaka kujua ni kimoja tu, na mke wangu alipita mara kumi na sinia bila kunitazama, makusudi, ananijua. Mwisho akainama kuniongezea achari, akaninong'oneza, "Amempaka mwili mzima. Mkono wa kulia. Hakusaidiwa." Nikala sahani mbili, daktari anisamehe.

Jioni bibi harusi alipokwisha kuondoka, mtoto akaja kuniambia naitwa uani. Nikaenda nikasimama mahali pangu pa siku zote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

Pazia likatikisika. Ukatoka mkono wa kulia, mkono tu, unanukia singo, kiganja kimetazama juu kabisa. Nikaangalia kushoto na kulia, nikaushika.

Akanibana. Vijana, alinibana mpaka vidole vyangu, hivi vya miaka thelathini ya jasi, vikalia ko, ko, ko, na mimi nikajikuta nimepiga goti moja mchangani.

"Umeunga?" akauliza kutoka nyuma ya pazia.

"Umeunga, mama! Umeunga!"

"Haya," akasema, akauvuta mkono wake ndani. "Sasa inuka. Na usishike ukuta."